Maji ya Kwanza Aliyamwaga

Maji ya kwanza aliyamwaga. Ya pili akanipa mimi.

Hapo, wapendwa, moyo wangu uliniambia: Mwalimu, leo umeitwa kufa.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha Qur'ani hapa Kisangani. Wazee wangu ni watu wa Kasongo. Kwetu, mwenye kinywaji huonja mwanzo, ndipo ampe mgeni. Asiyeonja, mwogope. Huenda ametia karuho, sumu ile isiyo na harufu wala haraka.

Bwana Lin, Mchina auzaye misumari na mabati mkabala na msikiti, alinialika baada ya alasiri. Nilikuwa nimemsuluhisha na jirani yake, akataka kunishukuru.

Akatoa machipukizi makavu, yenye manyoya meupe mithili ya mkate ulioota ukungu, akayatilia maji ya moto, akayamwaga maji hayo, akatia mengine.

"Ni nini hiki?"

"Chai nyeupe ya kwetu. Kunywa, papa."

"Tangulia wewe."

"Hapana! Wewe mbele. Wewe iko mukubwa."

Kukataa ni utovu wa adabu. Nikasema bismillahi, nikanywa.

Haikuwa na sukari. Rangi yake kama bua kavu la mpunga. Utamu ulikuja nyuma, kooni, nilipokwisha kumeza.

Utamu unaochelewa hivyo watoka wapi?

Nilifika nyumbani jasho likinitiririka. Mke wangu Kadidja akanikazia macho.

"Alionja mbele?"

"La."

"Ya Rabbi! Bamekupa karuho!"

Akaninywesha mawese, kikombe tele, dawa ya sumu tuliyorithi. Nikatapika uani. Yakatoka mekundu.

Jirani yetu Hilaire akachungulia juu ya ua.

"Damu! Muchina ameua mwalimu!"

Nilitaka kumkanya, nikatapika tena. Yowe lilikuwa limekwisha vuka barabara.

Nilipojikokota hadi dukani, watu walishika mawe. Lin alisimama mlangoni na birika lake.

Hofu ya kufa ikanitoka. Ikaingia kubwa kuliko ile: atauawa huyu kwa kelele za nyumba yangu.

Nikajitupa mbele yake. "Ni mawese! Si damu!"

"Toka hapo, mwalimu! Huyu iko mulozi, muchawi!"

"Lin, maji ya kwanza uliyamwaga kwa nini?"

"Ya kuosha majani, papa. Kupa mugeni maji ya kuosha, kwetu iko aibu!"

Nikampokonya birika, nikanywa mbele ya wote. Hilaire naye akaonja, akakunja uso.

"Bon, haina ata sukari! Donc hii ndiyo sumu?"

Mtu akacheka. Mawe yakaanguka, moja moja.

Asubuhi nilikwenda kumtaka radhi. Lin alifungua mlango upana wa kiganja, mnyororo umekaza, jicho moja likinitazama.

"Papa, leo hapana chai."

Yashikeni haya, enyi msomao: hofu ya mtu mmoja hulala naye kitandani, ikiruka ua wa jirani, huamka na mawe.