Nyumba ya Nyahanga

Mume wangu alipiga simu asubuhi nikiwa nageuza vitumbua, akasema nyumba imeisha.

"Bati liko juu, milango imekaa, choo kina mlango wake. Fungasha, Mzaramo, uje ukae kwako."

Nikamjibu kwamba nyumba ikijengwa na Msukuma lazima mtu aikague kwanza kama imewekwa madirisha, maana wao wamezoea kulala na ng'ombe. Akacheka mpaka simu ikakwaruza. Hivyo ndivyo tulivyozungumza tangu tulipofahamiana. Wazaramo na Wasukuma ni watani, tumerithi kwa babu zetu, na mtani hana neno linalouma. Nilikuwa naweza kumwita mshamba mbele ya ndugu zake, naye akaniita mvivu wa kuzaliwa anayejua kucheza ngoma tu, na atakayenuna ndiye mwenye makosa. Sikumbuki ugomvi wetu hata mmoja ambao haukuishia kwenye kicheko.

Wakati huo mimi na binti yetu tulikuwa Mbagala, chumba na sebule. Mvua ikinyesha maji ya choo cha jirani yanaingia ndani, tunapandisha magodoro juu ya meza na kungoja. Mtoto alikuwa darasa la kwanza na kikohozi hakimwachi. Nilikuwa nimeichoka Dar, nasema wazi, nimeichoka mpaka harufu yake. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Kazi ilipokatika akarudi kwao Shinyanga, akachimba dhahabu Mwakitolyo kwa muda, kisha akaona shimoni watu wanafukiwa, akatafuta kazi ya juu. Wachimbaji wadogo wakishaosha mchanga wao na kuinasa dhahabu kwa zebaki, walimletea yeye aichome, zebaki iondoke, dhahabu ibaki. Kazi hiyo ndiyo iliyojenga nyumba ya Nyahanga, pale Kahama mjini. Aliyokuwa akiyataka ni mawili tu, sisi tuhamie, na mama yake azeekee chini ya bati.

Nikasema twende kwanza tukaone. Likizo ya shule ilipofika tukapanda basi mimi na mtoto.

Nyumba ilikuwa nzuri. Nilitafuta kasoro nikaikosa, na mimi kwa kasoro sijambo. Uwanja umefagiliwa, hewa kavu, mtoto alilala usiku wa kwanza bila kukohoa hata mara moja. Nililia kidogo kwa furaha, nikageukia ukutani mume wangu asinione.

Asubuhi nilipomwamkia mama mkwe ndipo nilipoiona mikono yake. Alishika kikombe kwa viganja viwili na bado chai ilimwagikia kanga. Hakuwa mzee wa kutetemeka hivyo. Nywele zake nyingi zilikuwa bado nyeusi. Alikuwa msukaji hodari wa vikapu, mwaka wa harusi yetu alinipa kimoja kisichovuja hata ukikitia maji. Sasa kikapu alichokianza kilitundikwa ukutani, safu za mwisho zimekwenda upande.

"Uzee tu," alisema mume wangu.

Jioni yake nikaona uzee unakotoka. Jikoni kulikuwa na majiko mawili ya mkaa. Kwenye moja mama mkwe alikuwa anasonga ugali. Mume wangu akachuchumaa kwenye la pili, akafunga mlango, akafunga na dirisha. Nikauliza mbona anatuoka. Akasema wachimbaji wote wanajua, dhahabu ikichomwa mlango ukiwa wazi bahati inatoka na upepo. Halafu wezi nao wana macho. Akafungua kitambaa, akatoa kidonge cheupe kinachong'aa, kikubwa kama harage, akakiweka kwenye kijiko juu ya mkaa na kukipulizia. Moshi wake hauna harufu, karibu hauonekani. Mimi nilichohisi ni ladha mdomoni, kama nimenyonya funguo. Kidonge kikaanza kugeuka njano. Mtoto alikuwa amemwinamia baba yake begani, anapiga makofi.

Nilimvuta mkono, nikapiga mlango teke, tukatoka nje.

"Mzaramo umefungulia bahati yetu!" mume wangu aliita, anacheka.

Alipomaliza akamimina maziwa, akanywa, nusu akampa mama yake. Maziwa yanaosha kifua, alisema, hiyo nayo wachimbaji wote wanajua. Akamjazia na mtoto kikombe chake. Hapo hasira zikanipanda.

"Msukuma wewe," nikasema, "unampikia mama yako sumu halafu unamshushia na maziwa. Siku moja tutawazika wote mna masharubu meupe!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe naye alicheka, amefunika mdomo kwa kanga, na nilipoiona kanga ilikuwa na damu ya fizi. Nikarudia, mara hii nimekunja uso, sauti imepanda. Wakacheka zaidi. "Huyu mtani ana maneno!" Nilisimama pale kama mwendawazimu, nao wananishangilia. Hatukuwahi kuwa na namna nyingine ya kuzungumza.

Siku ya kuondoka mama mkwe alinisindikiza hadi njiani, amenifungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, nile kwenye basi. Mtoto alikuwa ametangulia na baba yake. Mama mkwe akanishika kiwiko.

"Moshi ule una meno, mayu," alisema. Mayu ni mama, lakini alikuwa akiniita hivyo kwa mapenzi. "Mtoto usimlete."

"Na wewe, mama? Mbona hutoki?"

"Nikitoka nani atampikia?"

"Basi mwambie."

"Nimwambie nini? Nyumba ameijenga kwa moto ule ule. Kila akiniona nimelala chini ya bati, anafurahi."

Nilirudi Mbagala nimegawanyika. Mvua zikaanza, magodoro yakapanda mezani, kikohozi cha mtoto kikarudi na nguvu mpya. Kuna siku nilitoka kwenda shuleni kumwombea uhamisho, nikageuza nusu ya njia. Mume wangu alipiga kila jioni kuuliza tunakuja lini. Nikamwambia achomee nje, mbali na watu, la sivyo siji.

"Mzaramo anaogopa moshi!" alisema. "Na samaki wa kukaanga unakula kila siku!"

Nikanyamaza ili ajue sichezi. Akacheka kwa niaba yangu.

Kabla mvua hazijaisha alipiga simu mchana, na mara hii hakuniita Mzaramo. Mama alikuwa ameacha kula, halafu ameacha kumtambua. Hospitali walisema figo. Nilimwacha mtoto kwa dada yangu, na nilipofika Shinyanga walikuwa wameshampeleka kijijini kwao, upande wa Mwadui, kumzika. Nikawafuata huko.

Msibani mtani ana kazi yake. Anazuia jeneza, anamwigiza marehemu, anawachekesha wafiwa ili kifua kipungue uzito. Siku hiyo Mzaramo alikuwa mmoja tu, mimi. Wazee wakashauriana pembeni, mmoja akaja akaniambia, "Tunajua wewe ni mfiwa kama sisi. Lakini mtani mwingine hatuna. Tusaidie, mayu." Nikakataa. Nikamtazama mume wangu amesimama ng'ambo ya kaburi, nikaona ladha ile ya funguo inanijia mdomoni, nikakubali.

Nikaomba kijiko na kikombe. Nikakaa juu ya udongo uliochimbuliwa, nikajizungushia kanga pande zote.

"Funga mlango!" nikapiga kelele. "Bahati isitoke!"

Wakaanza kucheka. Nikakipulizia kijiko.

"Vuta pumzi, mayu, dhahabu inaiva! Usiogope, ni moshi wa mwanao! Haya, kunywa maziwa, nusu yako hii." Nikakishika kikombe kwa viganja viwili, nikatetemeka kama alivyokuwa akitetemeka, nikajimwagia maji kifuani, nikaanguka kwenye udongo. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi, wanawake wakashikana mabega, sarafu zikarushwa kwenye kanga yangu. "Wazaramo hawa!" mtu mmoja alisema. Nilikuwa nalia kwa sauti, nao wakaona hicho ndicho kilele cha mchezo.

Mume wangu alikuwa ameficha mikono makwapani. Hakucheka.

Matanga yalipoanuliwa alinifuata nikiwa nasugua masufuria. Akachuchumaa kando yangu.

"Yale ya kaburini," akasema, "yalikuwa utani?"

"Hapana. Na ile jioni jikoni haikuwa utani. Na ya kwenye simu pia."

 Akaitoa mikono makwapani, akainyoosha mbele yake na kuitazama. Vidole vilikuwa vinacheza, vile vile kama vya mama yake.

Jibu langu la tunakuja lini nilikuwa nalo tayari. Nilikuwa nimeamua ningehamia siku hiyo hiyo, na mtoto ningemleta, tungeanza na vitumbua pale Kahama, tungelima, tungeuza mkaa, lolote lile. Nilichohitaji ni neno moja kutoka kwake.

"Basi msije," alisema. "Kaeni huko huko Dar. Mimi nitakuwa natuma hela."

Nilidhani atasema ataacha.