Fimbo Mabegani

Juzi sokoni Kashaulili nilimwona mfugaji akitembea na fimbo mabegani, mikono kaitundika juu yake kama tufanyavyo sisi Wasukuma. Alipowaona polisi aliishusha haraka. Nikamkumbuka baba.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, tulikuwa tunatoka Majengo, mimi nimeshika shati lake lililonuka moshi na maziwa. Askari wawili wakatusimamisha. Mmoja alinukia dawa ya viatu na alikuwa anatabasamu. Tabasamu lile sikuliamini.

"Mzee, twende kituoni."

"Kosa langu nini, afande?"

"Utalijua huko huko."

Baba alibaki kasimama, mikono juu ya fimbo. Mimi niliona ameshajisalimisha. Yule askari akamvuta mkono ghafla. Baba akazunguka, fimbo nayo ikazunguka, ikaangusha kofia ya askari vumbini.

"Umeona?" akamwambia mwenzake. "Anakataa kukamatwa."

Kwa miaka mingi niliamini baba alimpiga askari, na kwamba alistahili kuwekwa mahabusu. Sasa najua anayekamatwa ana haki ya kuambiwa kwa nini. Mahakamani walisoma shtaka la kukataa kukamatwa tu. Kilichowafanya watusimamishe hakikutajwa hata kwa hakimu. Nashuku hakikuwepo.

Baba alirudi, fimbo haikurudi. Alichonga nyingine, lakini kila tulipokwenda mjini aliiacha nyumbani. Alitembea akihamisha mikono, mara mfukoni, mara mgongoni, kama mtu aliyesahau inakokaa.