Hodi Msituni

Tangu vita vya Mjerumani vianze, watu wa mjini tumekosa pa kupungia upepo. Basi juzi tukavuka hadi kisiwa cha Manda kuutazama msitu mdogo wa mibambakofi mikongwe, miti ya mbao za milango, ambao shoka halijaufikia. Mwenzetu mmoja, Bwana wa mtaa wa Langoni mwenye adabu za kuchosha, alisimama penye mti wa kwanza, akakohoa.

"Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. Akapiga ya tatu, kisha akageuka.

"Hodi tatu hazikuitikiwa. Turudini, ndia ni ile. Haifai kumwingilia mtu kwake."

Turudi, na jua lote lile? Mtu wa Ndau aliyetuvusha akajibanza nyuma ya shina, akaitika kwa sauti nzito: "Karibu!"

Uso wa Bwana ukachangamka. Akavua makubadhi, akayapanga vizuri kama yuko mlangoni pa mtu, akaingia peku. Hakwenda mbali, akaruka juu ameshika unyayo uliojaa miiba.

"Mwenye nyumba ni mkarimu," akaninong'oneza, "lakini hafagii!"

Tulicheka mpaka kima wakatukimbia. Ila nikikumbuka misitu iliyokwisha kufagiwa ikawa milango na boriti zetu, namwombea mwenye nyumba yule: Mola amzidishie uvivu.