Siku Ukoo Ulipokutana Bila Msiba

Fundi wa cherehani alikuwa na miaka hamsini na mbili siku kijana mmoja alipomsogelea kwenye mazishi ya kaka yake, akamwamkia kwa adabu, kisha akamuuliza, "Samahani mama, wewe ni jirani wa marehemu?"

"Ni dada yake, tumbo moja. Na wewe je?"

Kijana akamtaja mama yake. Fundi akashika kiuno. Alikuwa mtoto wa binti wa shangazi yake, binamu aliyelala naye kitanda kimoja utotoni! Damu yake mwenyewe, na hawajuani hata kwa sura.

Aliporudi kwenye chumba chake cha kushonea, alifungua daftari la vipimo vya wateja, akaruka kurasa kadhaa, akaanza kuorodhesha ndugu. Walifika sitini na mmoja, na wengine hakujua hata wanaishi wapi. "Tunajuana misibani tu," alimwambia mpwa wake, muuguzi, aliyekuja kumsaidia kutafuta namba za simu. "Safari hii tukutane wote wazima."

Mwezi mzima alipiga simu, ameibana begani huku mguu ukikanyaga cherehani. Jibu lilikuwa lile lile: "Tutaangalia." Fundi hakuzaliwa jana, mteja akisema hivyo harudi. Basi akaacha kualika, akaanza kugawa kazi. Ndugu aliye dereva aliambiwa hakuna mwingine wa kumleta bibi. Aliye mwalimu akapewa michezo ya watoto. Yule binamu asiyefunga mdomo akafanywa mtambulishaji. Ghafla wakaanza kumpigia wenyewe.

Wawili ndio waliomnyima usingizi: baba mkubwa na baba mdogo. Miaka tisa hawakusalimiana, tangu harusi moja ambapo baba mkubwa alimkatiza mdogo wake mbele ya wakwe: "Keti wewe, hujui kuzungumza na watu." Baba mdogo akaketi. Kisha akaondoka, asikanyage tena kwa kaka yake.

Fundi alimkuta baba mdogo kwenye karakana yake ya useremala, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kama umetumwa na yule, geuza."

"Nimekuja kwa habari ya mabenchi. Watu sitini watakaa wapi?"

Mzee akapiga randa mara mbili tatu. "Nitaleta. Nikishusha, naondoka."

Baba mkubwa alikuwa bingwa wa kuchelewa, kwa hiyo yeye aliambiwa saa tatu badala ya saa tano. Siku yenyewe, kwa ukaidi tu, akawahi kufika uani kwa fundi. Mdogo wake alikuwa bado anashusha mabenchi. Baba mkubwa akaelekea la kwanza.

"Usikae hapo, kaka! Mguu mmoja sijaukaza."

Ndilo neno la kwanza kwa miaka tisa, na masikio ya baba mkubwa yalikuwa yamechoka.

"Eti?"

"Nasema usikae, utaanguka!"

Baba mkubwa akasimama, ameegemea mkongojo. Akamsogelea mdogo wake, akainama sikioni, akanong'ona. Yaani yeye alidhani ananong'ona. "Siku ile ya harusi nilikukosea. Nilikuaibisha. Nisamehe, mdogo wangu."

Ua mzima ukasikia. Aliyekuwa anaosha vikombe akaacha maji yakimwagika.

"Punguza sauti, kaka," baba mdogo alisema, macho chini. "Watu wote wanasikia."

Ikabidi arudie kwa nguvu. Baba mkubwa alipomwelewa, akatikisa kichwa. "Waache wasikie. Na siku ile walisikia wote."

Baba mdogo akaanza kutafuta nyundo, na nyundo anayo mkononi. Akaiweka chini, akamshika kaka yake mkono, wakaenda kukaa kwenye benchi lililo imara. Fundi aliingia ndani haraka, akijifanya anatafuta sahani, akalia amesimama mbele ya kabati.

Walifika hamsini na wanane. Walipokuwa wakibishana nani awapokee mwaka ujao, baba mdogo aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Mwakani kwangu. Na maneno ya kukaribisha nitasema mimi."

Baba mkubwa akauliza amesema nini. Watu watatu wakamwambia kwa pamoja.

"Vizuri," akasema. "Mnikalishe mbele, nisikie."