Siku Susu wa Kweli Alipoingia Ukumbini

Sisi tuliokulia mtaa wa Tena miaka ya tisini, Krismasi kwetu haikuanza na chapati. Ilianza siku Baba Mwende, jirani yetu dereva wa lori, mwenye masharubu na sauti nzito, alipovaa rinda.

Kila Desemba waumini wa kanisa letu waliigiza mchezo ukumbini, naye ndiye aliyekuwa Susu, yaani nyanya kwa Kikamba: mama mkwe mkorofi aliyekuja mjini kukagua ndoa ya mwanawe. Kifuani alijaza soksi, kiunoni alifunga leso mbili, kichwani kilemba, miguuni viatu vya plastiki. Akiingia kwa mwendo wa bata, akinusa sufuria za mke wa mwanawe, sisi watoto tuliokaa sakafuni tulicheka hadi tukalaliana. Jua la jioni lilipenya madirishani, vumbi likielea kama unga wa dhahabu, nami niliamini kabisa kwamba Baba Mwende yuko safarini na huyu ni mtu mwingine.

Mwaka mmoja, mchezo ukiwa umekolea, mlango ulifunguliwa. Akaingia mama mzee, kiondo mgongoni, vumbi la Kitui bado miguuni, kwa mwendo uleule wa bata. Alikuwa amekuta nyumba imefungwa, majirani wakamwelekeza huku.

Rafiki yangu Mwende akanibana mkono. "Ngai! Huyo ndiye susu wangu. Mamake baba."

Jukwaani Baba Mwende aliganda, soksi moja ikimteremka taratibu kuelekea tumboni.

"Mwaitu, mama yangu," akaita kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake.

Mama mzee akamtazama toka kilemba hadi viatu. Akapanda jukwaani polepole. Tulijua ni kofi.

"Leso haifungwi hivyo," akasema. Akaifungua, akaifunga upya, akakaza fundo. "Na mimi sinusi sufuria. Nafunua, naonja. Haya, endelea."

Akashuka, akaketi mbele. Baba Mwende akafunua, akaonja, akakunja uso. Aliyecheka kuliko sisi sote, mpaka akaanguka kwenye bega la mama asiyemjua, ni yule susu wa kweli.

Siku hizi wanangu hucheka pia, kila mmoja na simu yake, kicheko kifupi cha puani. Nikiuliza kuna nini, wananiambia, "Ah, mathe, huwezi elewa." Pengine siwezi. Lakini enzi zetu hukuhitaji kuuliza. Ulimwegemea aliye karibu, kicheko chake kikakutikisa hadi mbavuni, nawe ukacheka.