Goti la Kaka Wafula

Kwach. Ndivyo goti la kaka yangu Wafula lilivyolia, kama bua kavu la mahindi. Nililisikia tena Jumapili iliyopita, nilipomwona kijana mmoja uwanjani Bungoma akiburuta miguu kabla mechi haijaisha. Nilitamani kumwita atoke.

Siku ile tulikuwa kwenye shamba la mzungu karibu na Kitale. Wafula alikuwa amevuna mahindi tangu alfajiri, na shati lake lilinuka vumbi la mahindi hata alipoingia kucheza mpira jioni. Kipindi cha pili miguu ilikuwa mizito. Kila akiruka, alitua magoti yakiangaliana.

"Wafula, si uamke bana," watu walicheka. "Ati umeacha miguu shambani?"

Akaruka tena, na goti likalia.

Walimbeba mpaka nyumbani. Mama alimpaka samli huku akiuliza, "Mwanangu, utatembea kweli?" Mimi nilijibanza mlangoni. Leo, nikimwona anavyochechemea, najua uchovu ndio ulioliponza goti. Lakini wakati ule nilijua ni mimi. Adhuhuri, alipojilaza kidogo, niliiruka miguu yake, na kwetu ukimruka mtu lazima umruke tena kurudi ulikotoka, la sivyo atapata mkosi. Sikuwa nimerudi.

Mama alipotoka kuchuma majani ya dawa, Wafula alikuwa amesinzia. Nilikunja gauni, nikasogea. Sikukumbuka adhuhuri ile nilitokea upande gani. Nikamruka hivyo hivyo, halafu nikasimama pale, nikihofu nimeongeza mkosi wa pili.