Nani Aliandika Jina la Waswa

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Ukinisalimia vizuri kupita kiasi nitajiuliza unataka nini. Nauza omena, dagaa wa ziwani, hapa Nyalenda, Kisumu, omena safi ya kutoka Asembo Bay, na mteja akianza kusifu mzigo wangu kabla hajauliza bei, najua huyo anatafuta kukopa. Kwa hivyo siku ile simu ilipoingia, mwezi wa tano, na kijana mwenye sauti tamu akasema, "Hongera sana Mama! Hii ni namba ya Bwana Waswa, fundi wa viatu?" mimi nilikuwa nimeshamalizana naye hapo hapo kwenye hongera.

"Hongera ya nini?" nikamuuliza.

"Mzee ameteuliwa, Mama. Tuzo za Kura Yetu. Vijana wamempendekeza awe Mtu Mzima wa Mwaka."

Woi! Nilimwambia mtu mzima wa mwaka ni mama yake mzazi. Nilimwambia atafute kazi ya mikono. Mwaka jana matapeli wa simu walinipigia hivyo hivyo, hongera umeshinda, bonyeza hapa, bonyeza pale, na nikabonyeza mimi mwenyewe kwa kidole changu hiki, pesa zote zikaenda. Sasa nipewe hongera tena? Nikakata. Akapiga, nikakata. Alipiga mara nne. Kesho yake akaja mwenyewe, fulana imeandikwa jina la kipindi kifuani, jasho linamtoka, akasimama mbele ya meza yangu akisema anaitwa Mathews na kwamba yeye si tapeli. Nyuma yake kulikuwa na mtu amebeba kamera.

Kura Yetu, kama hukijui, ni kipindi cha televisheni. Mara moja kwa mwaka vijana wa miaka kumi na tatu hadi kumi na tisa wanapiga kura kwa simu, wanachagua mwanamuziki wao, mchekeshaji wao, mchezaji wao. Mtu mzima haruhusiwi kupiga. Halafu wanavaa nguo za kumetameta, wanajazana ukumbini Nairobi, na vikombe vinatolewa moja kwa moja hewani. Mwaka huu ndio waliongeza hicho cha Mtu Mzima. Walioteuliwa walikuwa wanne: mtangazaji wa redio, kocha wa mpira, mwimbaji wa injili, na Waswa wangu.

Sasa wewe nieleze. Waswa!

Waswa ni mtu wa Kimilili, kama mimi. Alikuja Kisumu akiwa kijana, akabeba mizigo mpaka mgongo ukamkataa, ndipo mzee mmoja, Enos, akamketisha pembeni mwa soko la Kibuye akamfundisha kushona viatu. Enos alipofariki alimwachia kibanda, sindano na benchi. Kazi yenyewe hasa ni viatu vya shule, na kiatu cha shule kina mambo yake. Mwanafunzi ana jozi moja tu. Hawezi kukiacha akirudie kesho, maana kesho ataingia darasani na nini? Kwa hivyo anavua, anavaa slipas za Waswa, anaketi kwenye benchi anangoja. Na Waswa akiwa kazini mdomo wake umejaa misumari midogo, ameibana kwa midomo, anachomoa mmoja mmoja. Hata angetaka kuongea hawezi, na mimi nakuambia hataki. Tumeoana miaka kumi na tisa. Kuna wiki nzima zimepita akiniambia "chumvi" na "usiku mwema."

Mtu wa namna hiyo vijana wamemjulia wapi? Kwanza nilidhani wanamcheka. Siku hizi wakikuona umeanguka kwenye matope wanakupiga picha, jioni nchi nzima inakufa kwa kicheko. Nikamwambia, "Baba Valarie, hawa wanakufanya kikaragosi." Akainua mabega, akaendelea kula.

Kisha Wahu akanitia kitu kichwani. Wahu ni rafiki yangu, mtu wa Murang'a, anauza mapazia ya mitumba mkabala na kibanda cha Waswa. "Mimi sisemi kitu, Mama Valarie," akasema, na Wahu akianza hivyo jua anasema. "Lakini benchi ya mzee wako, saa kumi ikifika, ni sketi tupu."

Nikampigia Mathews, safari hii mimi ndiye nikimbembeleza. Nani alianza haya mambo? Akanieleza kwamba lazima mtu mmoja aandike barua ya kumpendekeza mtu, ndipo wengine wapige kura. Barua ya Waswa iliwatoa machozi ofisini. Itasomwa siku ya tuzo.

"Aliandika nani?"

"Jina ni siri, Mama. Ni msichana wa huko Kisumu."

Msichana. Nilishindwa kupima omena siku hiyo, nikawa nawazidishia watu.

Jioni nikayamwaga yote mezani. Binti yetu Valarie, ana miaka kumi na sita, alikuwa hapo anakula, na sikujali. Nikamwambia Waswa kama kuna msichana anamwandikia barua za machozi nitamjua. Nitaenda mpaka shuleni kwake, nitamvuta masikio mbele ya mwalimu mkuu, na wazazi wake waje waone walichozaa. Waswa akasukuma sahani yake kando. Valarie akaomba radhi akaenda kusoma.

Jumanne nikajificha kwa Wahu, katikati ya mapazia. Ndiyo, nilijificha, mwanamke mzima. Saa kumi wakaja: wasichana watatu, na mvulana mmoja mrefu soli yake inaning'inia. Wakavaa slipas, wakaketi. Waswa akagonga. Wakapiga domo, mara mwalimu fulani, mara mtihani. Halafu mmoja, mdogo wao, akashusha sauti, akaanza kulia. Nikasema hapo sasa! Nikamkazia macho Waswa. Nyundo ikasimama. Hakumgusa, hakumwambia neno. Alingoja tu, nyundo mkononi, mpaka mtoto akamaliza anachosema, ndipo akaendelea kugonga. Msichana akafuta uso, akavaa kiatu chake, akaenda zake akicheka na wenzake.

Wengine walipoondoka nikachomoka. Pazia moja lilikuwa limening'inia begani, Wahu anapiga kelele, "Pazia langu we!"

"Yule alikuwa analia nini kwako?" nikamuuliza Waswa.

Akatema misumari kiganjani. "Hayo ni yake, Mama Valarie."

"Na aliyeandika barua? Unamjua?"

"Namjua."

"Ni nani?"

"Hayo pia ni yake."

Haki ya Mungu, bora angenidanganya. Kumbe anamjua! Nilimwambia pale pale, watu wakisikia, kwamba siku ya tuzo ikifika kabla hajanitajia huyo msichana, nabeba nguo zangu narudi Kimilili, na huko nyumbani atawaeleza kaka zangu mwenyewe. Sikuwa natishia bure. Nilimpigia dada yangu simu, nikamwambia atandike kitanda cha wageni.

Tuliletewa tiketi mbili za kwenda Nairobi. Waswa akaniambia, "Twende." Nikamjibu, nikakae mbele ya kamera nikitabasamu huku barua ya mrembo wako inasomwa? Aende peke yake! Akaenda peke yake, na koti lake la harusi, limembana mikononi. Mimi nikapanga nguo kwenye begi.

Tuzo zilikuwa Jumamosi, saa tisa mchana. Wahu alikuja na mandazi, maana alijua nyumba hii leo ina sinema mbili. Valarie aliketi chini kwenye mkeka, mgongo ukutani. Kwenye televisheni wakaimba, wakacheza, wakapeana vikombe. Halafu wakafungua bahasha ya Mtu Mzima wa Mwaka, na mtangazaji akatamka jina la mume wangu. Ukumbi ukalipuka. Waswa akapanda jukwaani akiangalia viatu vya watu. Mimi sikupiga makofi. Nilikuwa nangoja barua.

Mtangazaji akaisoma.

"Huyu fundi haongei sana. Nyumbani kwetu nikifungua mdomo naulizwa nilikuwa na nani, nani alinituma, ninaficha nini. Siku moja mama yangu alipasua mto wangu kwa wembe akitafuta simu. Sina simu. Sijawahi kuwa na simu. Nilitia ule mto kwenye begi la shule nikampelekea fundi. Hakuuliza nimefanya nini. Aliushona kwa uzi wa viatu, halafu akaniacha nikae pale mpaka nikamaliza kulia. Nilikuwa nimeanguka hesabu, nikamwambia. Kuna kitu kingine nilikuwa naogopa, nikamwambia hicho pia. Sikuweza kumwambia mtu mwingine. Ndiyo maana nataka ashinde."

Watu wakasimama. Hata mtangazaji alikuwa anafuta macho.

"Ngai!" Wahu akaruka, mandazi mkononi. "Mto kwa wembe! Huyo ni mama ama ni polisi? Mtu kama huyo anapewaje watoto?"

Ulikuwa mwezi wa pili. Jirani alikuwa ameniambia wasichana wote wa kidato cha tatu wana simu, wanazificha. Nilipekua nyumba, nikakosa, nikachukua wembe. Pamba ilijaa chumba kizima. Halafu nikaenda sokoni kuuza omena. Niliporudi jioni nikakuta mto uko kitandani, mzima, na nikajiambia, unaona, ameficha ushahidi. Sikuugusa. Ningeugusa kidole kingenionyesha uzi wa mume wangu.

Wahu akamgeukia Valarie. "Huyo msichana si wa shule yenu kweli? Unamjua?"

Valarie hakunitazama. "Simjui, Auntie," akasema.

Alinifichia. Mbele ya Wahu, ambaye angelitangaza Kibuye nzima kabla ya Jumatatu, mtoto alinifichia, mimi niliyeapa kumvuta masikio. Sijawahi kuona haya namna hiyo, na hakuna aliyenitukana.

Valarie akainuka kwenda kupika chai, nikamfuata. Jikoni kwetu ni pembe tu, pazia limetenga. Nilikuwa na neno moja la kusema, pole, na nilikuwa nimelishika vizuri kabisa. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Hicho kitu kingine ulichokuwa unaogopa, ni kitu gani?"

Na kwa sauti yangu ile ile.

Valarie akatia majani ndani ya maji. "Unaona, Mama," akasema. Hakuwa na kiburi. Alikuwa amechoka tu.

Nikaketi juu ya jerikeni ya maji. Wahu aliita kutoka sebuleni kwamba chai gani hiyo inapikwa mpaka kesho. Valarie akamimina vikombe, akanipita na trei.

Nguo nilizitoa kwenye begi. Dada yangu nilimwambia nitakuja Krismasi. Waswa alirudi na kikombe chake, amekiweka kibandani, anatilia misumari. Hakuniuliza kama nimesikia barua. Na kila jioni Valarie akiingia jikoni kupika, mimi naenda naketi pale kwenye jerikeni, nakaa, sisemi, yeye anakata sukuma wiki. Ni miezi mitatu sasa. Jana aliniambia, "Mama, hebu simama kidogo nichukue maji," nikasimama, akamimina, nikaketi tena. Bado hajaniambia kitu.